Wapiga Kinanda Watatu na Pengo Moja

Mpe fundi huyu kinanda chochote kilichotumika mwaka mzima, hata kama hajui ni cha nani, naye atakwambia mwenye nacho ni mtu wa namna gani. Hakuna uchawi hapo. Anakigeuza tumbo juu, anafungua skrubu ishirini na mbili, anavua ubao wa vitufe, halafu anausoma uchafu. Huyu anakula biskuti huku anapiga. Huyu mkono wake wa kushoto mvivu. Huyu ana ugomvi na kitufe kimoja, sijui kilimkosea nini. Watu wa mtaa wakamwita Daktari, na jina likamkaa mpaka lile la kwenye kitambulisho likabaki la polisi na benki. Duka lake lilibanwa kati ya saluni na kibanda cha fotokopi, na ukiingia ilibidi usimame ubavu ubavu, maana mbele kulikuwa na meza, na juu ya meza kulikuwa na dunia nzima.

Sasa huyu Daktari, mtu wa miaka hamsini na miwili, miwani imefungwa kwa mpira wa pesa, ndiye aliyekuwa fundi wa bendi ya metali, ule muziki wa magitaa yanayonguruma. Ndiyo, metali. Tena si ile metali ya kupiga kelele ukaenda zako nyumbani. Hii ilikuwa ya wenye akili zao: wimbo mmoja dakika kumi na tisa, mapigo saba, mara kumi na moja, mara yamerudi matano, ukijaribu kutikisa kichwa shingo inapotea njia. Mara ya kwanza kuwasikia alisema ni mabati yanaburutwa na punda. Mara ya tatu akajikuta anahesabu kwa vidole. Mwaka haujaisha, akawa hakosi mazoezi ya Jumamosi hata kama hakuna kilichoharibika.

Kiongozi wa bendi alikuwa mpiga gitaa, muuza mabomba ya maji na masinki, ambaye walimwita Kigogo kwa sababu akishasema hapana, hasukumiki. Kwa miaka kumi na moja Kigogo alikuwa amebadilisha wapiga kinanda watatu, na mashabiki walikuwa wanagombana juu ya hao watatu kama ndugu wanaogombea shamba. Nani mkali? Nani aliiua bendi, nani aliifufua? Walimjia Daktari aamue, kwa kuwa ndiye aliyevifungua vinanda vyote vitatu. Yeye anacheka, anafuta miwani, anasema, "Kila ndege huruka kwa ubawa wake." Watu wakaona hekima. Hekima gani! Mzee wa watu alikuwa anaogopa, basi.

Wa kwanza alikuwa Profesa. Hakufundisha chuo chochote. Alikuwa mpima viwanja, mtu wa maneno machache na fulana moja nyeusi. Kinanda chake, ukikifungua, vitufe vya kulia vilikuwa vimelika kama ngazi za shule, vya kushoto vipya kama vimetoka dukani jana. Alikuwa anapiga kama mtu anayekatakata vitunguu, haraka, bila kuangalia. Yeye ndiye aliyetunga ule wimbo wa dakika kumi na tisa. Katikati yake wote wananyamaza, kinanda kinabaki peke yake kinapanda, nota juu ya nota, mpaka kileleni, halafu kinashuka hatua mbili na gitaa linaingia kama lori lililokatika breki.

Na hapa ndipo penye kisa, kwa hiyo sogea karibu.

Mwaka wa pili wa bendi, asubuhi ya shoo yao kubwa ya kwanza, Profesa alileta kinanda kisafishwe. Kazi ndogo. Chini ya vitufe kuna vipira laini vinavyogusa ubao wa umeme, na kimoja, cha kule juu kabisa kulia, kilikuwa kimeng'oka kidogo. Daktari akakipaka gundi. Lakini siku hiyo kulikuwa na fainali ya mpira, na saluni ya jirani walikuwa wamewasha televisheni, na watu walishaanza kupiga mayowe. Mkono ukaenda mbio kuliko jicho. Tone la gundi likadondoka pasipotakiwa, kwenye ubao chini ya kipira, likakauka, likatulia kimya kama mwizi chini ya kitanda. Akafunga skrubu kumi na nne kati ya ishirini na mbili. Akapitisha kidole kwenye vitufe vyote mara moja, mwanzo mpaka mwisho, wakati huohuo kwa jirani inapigwa penalti. Kwa kelele zile angesikia nini? Akasema kimepona, akakimbilia mpira. Na timu yake ikafungwa, kama hilo linakufariji.

Jioni kwenye shoo, kinanda kikaanza kupanda. Kikapanda, kikapanda, kikafika kileleni. Kimya.

Daktari alikuwa amesimama karibu na mitambo. Alihisi tumbo limegeuka barafu. Alijua mara moja, jinsi mama anavyojua ni mtoto wake anayelia hata wakiwa mia. Profesa hakubadilika sura. Kidole kilibonyeza, hakikupata kitu, kikashuka kwenye nota inayofuata. Na ndani ya kile kimya, watu mia nne walikuwa wameshika pumzi, halafu gitaa la Kigogo likaja, na, jamani, ukumbi ulitaka kubomoka. Mtu mzima mmoja mwenye ndevu alikuwa analia. Baada ya shoo Kigogo alimkumbatia Profesa mpaka akamnyanyua.

"Lile pengo! Umelitoa wapi lile pengo?"

"Limekuja tu," Profesa akasema.

Daktari alikuwa amefika pale na bisibisi mfukoni, maneno ya kuomba radhi yako mdomoni. Kigogo akamgeukia. "Na wewe Daktari, nisikuone unakigusa tena hiki kinanda. Kibaki hivihivi kilivyo!" Basi. Bisibisi ikabaki mfukoni na maneno yakamezwa. Wiki iliyofuata wakaurekodi wimbo na pengo lake, na wimbo huo ndio uliowatoa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Huu ufa haukuzibwa, ukapata mashabiki. Kwenye kila shoo, pengo likikaribia, watu wanainua mkono mmoja juu, kimya kama msibani. Kigogo akaligeuza dini. "Lile si pengo," alikuwa anawaambia wageni, "ile ni pumzi ya wimbo. Profesa alikuwa anaisikia."

Baada ya miaka miwili ya sifa hizo, Profesa akaaga. Akasema magoti yanamsumbua na kazi imehamia mbali. Akaondoka na kinanda chake.

Wa pili walimwita Kinyonga, dereva teksi, mcheshi, mtu wa kuchekesha hata kwenye foleni ya hospitali. Kinanda chake kilikuwa kinyume kabisa na cha Profesa: vitufe safi, lakini vile vifungo vya kubadilishia sauti vilikuwa vimefutika maandishi yote. Huyo alikuwa anakupa tarumbeta, mvua juu ya bati, kwaya ya watu hamsini, mlango unaolia bawaba. Watu walimpenda. Ila kila akifika kwenye pengo, mkono unamuwasha. Leo ataweka kengele, kesho mnong'ono. Kigogo anafura. "Unaziba pumzi!" Kinyonga anacheka, anaahidi, anarudia. Miaka mitano hivyo. Siku moja, mbele ya ukumbi uliojaa, Kinyonga hakuweka kengele wala mnong'ono. Alibonyeza ile nota yenyewe, ya kileleni, ikalia wazi. Sikio lake lilimwambia ndiyo inayokosekana. Watu wakamzomea. Wiki hiyohiyo Kigogo akamtoa.

Kinyonga alikuwa sahihi, na chini ya paa lile ni mtu mmoja tu aliyejua. Mtu huyo alikuwa anakunja nyaya, kichwa chini, anajiambia kwamba bendi ina wenyewe.

Wa tatu ndiye Sindano, fundi cherehani mwenye duka la sare za shule, mama wa mtoto mmoja. Alikuwa analeta kinanda kimeviringishwa kwenye shuka kama kichanga, na ndani yake Daktari hakukuta hata chembe ya vumbi. Vitufe vyote vimelika sawasawa, kushoto na kulia. Hajawahi kuona kitu kama hicho. Mapigo saba, mapigo kumi na moja, hayo kwa Sindano yalikuwa pindo la sketi. Mguu uliozoea cherehani haupotei. Ukimuuliza Daktari kwa siri, angekuambia huyu anawazidi wote wawili. Lakini nani alimuuliza kwa siri?

Taabu yake ilikuwa pengo. Kigogo alimfundisha jinsi mwenyewe alivyoliamini: ukifika juu, inua mkono, acha pumzi ipite, halafu rudi. Sindano anainua mkono, pumzi inapita, anarudi, na amechelewa kwa unywele. Au amewahi kwa unywele. Gitaa linaingia, linamkanyaga. Miaka miwili. Mashabiki wakaandika huko wanakoandika: Profesa alikuwa anasikia, huyu anahesabu. Sindano alisoma yote. Watu wenye busara hawasomi, lakini nani ana busara na simu mkononi?

Jumanne moja Kigogo akamwambia wazi. Kulikuwa na shoo kubwa wiki ijayo. Jumamosi kwenye mazoezi, pengo likae sawa, au atafute mtu mwingine wa kinanda.

Alhamisi Sindano akaingia dukani ubavu ubavu, shuka begani.

"Shikamoo, Daktari."

"Marahaba, mwanangu. Kina nini tena?"

"Sijui. Kifungue uangalie kama kina tatizo."

Daktari akakifungua, akakagua kitufe kimoja kimoja, akakifunga. Skrubu zote ishirini na mbili. "Hakina tatizo lolote. Ni kizima kuliko mimi."

Sindano akatikisa kichwa polepole. "Nilikuwa naomba Mungu kiwe na tatizo. Basi ni mimi. Masikio niliyozaliwa nayo ndiyo haya, sina mengine." Akaviringisha kinanda chake vizuri, kona kwa kona. "Jumamosi nitakuja nijaribu mara ya mwisho kwa heshima. Halafu nitakirudisha kwa aliyeniuzia. Nyumbani sitaki hata kukiona."

Akaenda. Daktari akabaki ameshika bisibisi kama mtu aliyeshikwa nayo.

Usiku ule chakula hakikupita. Mkewe, ambaye kazi yake ilikuwa mapokezi kwenye zahanati ya meno, alimtazama mpaka akachoka.

"Baba watoto, unakula au unaongea na sahani?"

Akamwambia. Yote: gundi, fainali, penalti, Kinyonga, na huyu binti anayedhani ana ulemavu wa masikio. Mkewe alianza kucheka pale kwenye penalti. Simulizi ilipofika kwa Sindano akaacha.

"Miaka tisa," akasema. "Nimelala na wewe miaka tisa, unageuka kitandani kama chapati, nikidhani ni mgongo."

"Wakijua, nani ataniletea kazi tena? Daktari gani anaua halafu anapewa maua?"

"Kwetu pale wanakuja watu jino limeoza mwaka mzima. Wanakunywa vidonge, wanatafuna upande mmoja, wanaogopa koleo ya dakika moja. Wakishang'olewa, unajua wanasema nini wote? 'Kumbe!' Basi nenda kang'oe. Na ule, chakula hakijakukosea."

Jumamosi saa nane mchana walikuwa kwenye ghala la matairi, ambako walikuwa wanafanyia mazoezi. Kigogo na gitaa lake, mpiga ngoma ambaye ni nesi wa wodi ya watoto na hajawahi kumfokea mtu, na Sindano nyuma ya kinanda, macho mekundu. Wakapiga ule wimbo. Kinanda kikapanda, mkono ukainuka, gitaa likamkanyaga. Wakarudia. Likamkanyaga. Wakarudia mara ya tatu, na safari hii Sindano hakurudi kabisa. Mkono ulibaki juu, kisha akauweka usoni.

Kigogo akazima gitaa. "Basi, dada yangu," akasema, na kwa kweli alisema kwa upole. "Si kosa lako. Pumzi ile ama mtu anaisikia, ama haisikii."

"Hakuna pumzi," Daktari akasema.

Wote wakageuka. Alikuwa amekaa juu ya tairi, waya mkononi. Akasimama, kwa kuwa maneno hayo hayasemwi mtu amekaa.

"Hakuna pumzi, Kigogo. Kulikuwa na gundi. Asubuhi ya ile shoo nilikiua kitufe kimoja kwa gundi kwa sababu nilikuwa nakimbilia mpira. Profesa alibonyeza, hakikulia. Nilitaka kusema usiku uleule, ukaniambia nisikiguse. Nikaona raha, nikanyamaza. Kosa langu, si la mtu mwingine."

Uso wa Kigogo ukaanza kupanda rangi kutoka shingoni. "Unajua unachosema? Kinyonga nilimfukuza kwa sababu ya hilo!"

"Najua. Nilikuwepo."

"Na huyu nilikuwa namfukuza sasa hivi!"

"Ndiyo maana nimesema sasa hivi."

"Miaka tisa nawaeleza watu pumzi, pumzi! Nimeieleza redioni! Hapana. Sikubali. Profesa si mtu wa kupigwa chenga na gundi." Akatoa simu, akapiga, akaweka sauti ya juu. Iliita mara nyingi. Halafu ile sauti ya maneno machache ikasema haloo.

"Profesa, ni mimi. Nijibu jambo moja tu. Lile pengo."

Kimya upande wa pili. Kimya kirefu kuliko pengo lenyewe.

"Daktari yupo hapo?" Profesa akauliza.

"Yupo."

"Kwa hiyo ameshajua?"

Daktari aliachia waya. "Nimejua nini? Mimi ndiye niliyefanya!"

"Ala! Mimi nilidhani hujui. Kitufe kilikataa tu, nikabonyeza hakikulia. Nilitaka kusema, lakini nikiwaambia watu kinanda kimetoka kwako asubuhi hiyohiyo, si ningekuharibia jina? Nikakichomoa kipira mwenyewe baadaye, nikaikuta gundi. Nikakirudisha kipira hivyohivyo." Akakohoa. "Na tena, Kigogo, ulikuwa umenikumbatia. Hujawahi kumkumbatia mtu."

Mpiga ngoma aliangusha fimbo moja, akawa anacheka bila sauti, ameinamia magoti.

"Sasa mbona uliondoka?" Kigogo akauliza, na sauti yake haikuwa na ukigogo wowote.

"Nilichoka kusifiwa kwa kitu ambacho sikukifanya. Kila shoo watu wanainua mikono, na mimi nabonyeza kitufe kibovu. Magoti yangu hayana ubaya wowote, naendesha baiskeli kila siku. Daktari, unanisikia? Lala sasa, na mimi nilale."

Daktari aliinua mkono tu kuiaga simu, kana kwamba Profesa anamwona. Alikuwa amejiandaa kwa matusi, kwa kufukuzwa, kwa duka kubaki tupu. Hakuwa amejiandaa kwamba kuna mtu alikuwa analinda jina lake muda wote ule, akiwa mbali na baiskeli yake. Alikaa tena juu ya tairi. Mabega, ambayo mkewe alikuwa anayakanda kila Jumapili bila mafanikio, yalishuka yenyewe.

Simu ikakatika. Kigogo alizunguka ghala zima, akapiga tairi teke, akaumia, akarudi anachechemea.

"Kinyonga nitamtafuta mimi mwenyewe kesho," akasema. "Hilo ni langu, halimhusu Daktari. Sikio lake lilikuwa zima, nikamwacha azomewe." Akafuta uso kwa fulana. Halafu akamgeukia Sindano, na kwa mara ya kwanza hakumwambia Profesa alifanya nini.

"Wewe ungetaka pale kuwe na nini?"

Sindano alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja, kitu kibaya kwa pua. Akawatazama mmoja mmoja aone kama wanamtania. Hakuna aliyemuuliza hivyo tangu aje.

"Kwanza," akasema, "nataka kiti."

"Kiti?"

"Profesa alikuwa anapiga amesimama, Kinyonga akasimama, na mimi mkanisimamisha. Mimi ni fundi cherehani. Nikisimama sina miguu."

Aliyekwenda kukitafuta kiti ni Daktari, nje, kwa mlinzi wa ghala, akarudi nacho kichwani kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Kilikuwa cha plastiki na mguu mmoja mfupi. Akaukunjia kipande cha mpira chini mpaka kikatulia. Sindano akakaa, akashusha stendi ya kinanda, akavua viatu. Mguu wa kulia ukaanza kwenda wenyewe sakafuni, kidole kisigino, kidole kisigino.

Wakapiga toka mwanzo. Ilipofika katikati wote wakanyamaza, kinanda kikapanda peke yake, nota juu ya nota, na kileleni Sindano hakuinua mkono. Alibonyeza ile nota, kidogo sana, jinsi mtu anavyobisha hodi nyumba yenye mgonjwa, akashuka hatua mbili, na gitaa likaingia palepale bila kumkanyaga mtu. Kigogo alipiga kelele ambayo haikuwa kwenye wimbo. Hawakusimama kumsifu, mapigo saba yalikuwa yanakuja na Sindano hasubiri mtu.

Daktari alisikiliza dakika zote kumi na tisa akiwa juu ya tairi lake, na zilipokwisha akaomba warudie, maana kwa miaka tisa katikati ya wimbo huo alikuwa hasikii kitu ila tumbo lake.